Gogo la Nywele: Namna ya Kumfunga Nzi wa Kuvulia Asiyezama

Nzi wangu wa kwanza wa nywele hakukaa mkononi mwa mkaguzi hata dakika moja. Ilikuwa Kenya, katika karakana niliyokwenda kujifunza kazi. Yule mama hakutazama rangi wala umbo. Alishika ndoano kwa mkono wa kushoto, akaukamata mwili wa nzi kwa vidole viwili vya kulia, akazungusha. Mwili wote ukageuka juu ya chuma kama gurudumu kwenye ekseli. Akanirudishia, akasema, "Huyu hajafungwa, amevishwa tu." Akaendelea na meza ya jirani yangu.

Nimerudi nyumbani Makote na maneno yale, na kila kijana anayekuja kuniuliza habari za kazi hii humwambia yayo hayo kabla sijamwonyesha ndoano. Leo nayaandika kwa ajili ya yeyote wa Newala, Masasi au kwingineko mwenye mikono mitulivu na hamu ya kujifunza ufundi mgumu. Nitaeleza hatua kwa hatua, pamoja na mahali ambapo mimi mwenyewe niliharibu, ili wewe usipoteze miezi niliyoipoteza.

Nzi wa kuvulia ni chambo bandia. Hufungwa kwa uzi, nywele na manyoya juu ya ndoano ndogo ili samaki adhani ni mdudu. Wako wanaozama, na wako wanaoelea juu ya maji. Miongoni mwa wanaoelea, mgumu kuliko karibu wote ni yule ambaye mwili wake ni nywele zilizosimamishwa kuizunguka ndoano, zikashindiliwa mpaka zikawa kitu kimoja, kisha zikachongwa kwa wembe. Anayejulikana sana wa aina hii anaitwa Irresistible. Alitoka Marekani katika miaka ya 1930, na sifa ya kumbuni hupewa Joe Messinger wa West Virginia. Ana mkia, tumbo nene la nywele zilizochongwa, mabawa mawili yaliyosimama, na kola ya manyoya ya jogoo shingoni. Huwekwa kwenye maji yenye kasi na mapovu, mahali ambapo nzi wengine huzamishwa na wimbi la kwanza.

Kwa nini mtu wa Makote?

Swali hili huulizwa, na ni la haki. Uwanda wetu una mchanga unaomeza mvua. Mama na bibi zetu wameteremka mabonde vizazi na vizazi kufuata maji. Ukisimama Shimo la Mungu pale Newala unaliona bonde la Ruvuma likiwa mbali chini, na huko wavuvi wetu wanatumia nyavu, mishipi na mitego. Trauti, samaki ambaye nzi huyu ameumbwa kwa ajili yake, hutaka maji baridi ya milimani. Kenya aliletwa mwaka 1905, akaachiwa katika mto Gura kwenye safu ya Aberdare. Mpaka leo kuna kituo cha kumzalisha pale Kiganjo, karibu na Nyeri. Hapa Tanzania yuko katika baadhi ya mito ya baridi ya nyanda za juu, kama ile ya Nyanda za Juu Kusini.

Lakini nilichokiona Kenya kilinifungua macho. Ufungaji wa nzi kule umekuwa kazi ya mikono kwa miongo mingi, na nzi wanaofungwa huko huuzwa Ulaya na Marekani. Wengi wa mafundi wake ni wanawake, na wengi niliokaa nao hawajawahi kurusha mshipi mtoni. Kinachowalisha ni vidole. Nikajiuliza: kama ni vidole, sisi tumepungukiwa na nini? Uwanda huu ndio uliozaa wachonga vinyago waliojulikana duniani. Samaki Likankoa, ambaye hutajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa uchongaji uitwao shetani katika miaka ya 1950, alikuwa Mmakonde. Na vinyago vya mapiko, vile vya kuvaa kichwani kwenye ngoma, wachongaji wetu walikuwa wakivibandika nywele za kweli za binadamu. Kuchonga tunakujua, na nywele tumezishika siku nyingi. Nzi huyu anataka mambo hayo mawili kwa pamoja.

Tofauti iko sehemu moja tu, na ndiyo moyo wa makala hii. Mchongaji wa mpingo hupewa gogo ambalo Mungu amekwisha kulishindilia. Akiweka patasi, mti unamjibu. Mfunga nzi hana gogo. Lazima alitengeneze mwenyewe kwa mafungu madogo ya nywele, na gogo likiwa legevu hakuna mkasi wala wembe utakaomwokoa. Wanafunzi wengi hudhani ugumu uko kwenye kukata umbo. Umbo huamuliwa mapema zaidi, wakati nzi bado anafanana na brashi ya kufagia dari.

Nywele zinazofaa

Nywele za kulungu wa nchi za baridi ndizo zinazotumika. Ukiutazama unywele mmoja uliokatwa, ndani umejaa vijumba vidogo vya hewa, kama bua la mtama lililokauka. Hewa hiyo hufanya kazi mbili. Ya kwanza, nzi huelea. Ya pili ndiyo inayomhusu fundi: uzi ukibana unywele wa namna hii katikati, unywele hubonyea pale ulipobanwa na ncha zake mbili husimama. Unywele mgumu usio na hewa ndani hulala tu chini ya uzi.

Kwa hiyo usihangaike na nywele za mbuzi wala mkia wa ng'ombe. Nilijaribu zote mbili. Zinafaa kwa mikia ya nzi wengine, kwa mwili huu hazisimami. Hata kwa kulungu mwenyewe, nywele za usoni na miguuni hazifai. Tafuta za mgongoni, ubavuni na kiunoni, zilizo nene na laini ukizibonyeza. Jaribio lake ni jepesi. Kata nywele chache, zungushia uzi mara moja, vuta. Zikisimama kama manyoya ya paka aliyeshtuka, chukua. Zikilala, weka kando.

Hapa nataka nisikike vizuri. Afrika tunaye mnyama mwenye nywele zilizo wazi ndani: mbuzi mawe, swala mdogo anayeruka juu ya majabali. Zamani nywele zake zilitumika hata kujazia matandiko ya farasi. Usimguse. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inakataza mtu kuwa na sehemu ya mnyamapori bila kibali, na kipande cha ngozi kisichozidi kiganja kinaweza kukufikisha mahakamani. Nunua vipande vya ngozi ya kulungu vilivyokwisha kutengenezwa, vinavyouzwa na maduka ya vifaa vya uvuvi ya nje, na utunze risiti mahali pamoja na vipande vyenyewe. Siku ukiulizwa, karatasi ndiyo itakayokusemea.

Zana unazo tayari

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Usisubiri kupata vifaa vya kizungu ndipo uanze. Unahitaji jiliwa la kushikilia ndoano. Kama huna, chukua plaizi yenye mdomo mwembamba, ibane ndoano, funga mikono yake kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, kisha ifunge plaizi yenyewe kwenye kona ya meza. Haitageuka vizuri kama jiliwa, lakini itashika.

Uzi uwe mwembamba na wenye nguvu. Ujaribu kwa kuuvuta kati ya mikono miwili. Uzi wa cherehani unaokatika kwa mvuto mdogo utakuangusha katikati ya fungu la tatu, na kila kitu kitafumuka mbele ya macho yako. Tafuta wembe mpya, mkasi mdogo wenye ncha kali, kitana cha meno ya karibu, sindano, nta, na chupa ndogo ya rangi ya kucha ile isiyo na rangi. Chukua kalamu ya Bic iliyokwisha, toa bomba la wino, ubaki na ganda lake la nje: hicho ndicho chombo cha kushindilia. Na kwa kusawazisha ncha za nywele, ganda tupu la rangi ya midomo linatosha.

Kaa penye mwanga, dirisha likiwa mbele yako. Zima feni. Vipande vya nywele huruka na kuingia kwenye chakula, macho na pua, kwa hiyo usifanyie kazi hii jikoni wala karibu na mtoto mchanga. Mimi hutandika kitambaa cheupe mezani ili nione ninachokata na nikusanye taka kwa mara moja.

Siku za mwanzo: msumari

Usianze na ndoano. Chukua msumari laini wa inchi mbili, ubane kwenye jiliwa ukiwa umelala, na ujifunze jambo moja tu: kusimamisha fungu la nywele.

Kata fungu karibu kabisa na ngozi, lenye unene wa njiti mbili za kiberiti zilizobanwa pamoja. Lishike kwenye ncha, kisha chana upande wa shina. Utaona kitu kama pamba kinatoka: hizo ni nywele za malaika, zile laini zinazojificha karibu na ngozi kumpa mnyama joto. Chana mpaka zote zitoke. Huu ndio ulegevu wa kwanza unaowaangusha wanafunzi. Malaika zikibaki, hujaza nafasi bila kusimama, huzuia nywele nzima zisizunguke, na majini hunywa maji kama sufi. Fungu likishakuwa safi, kata ncha zake pia, libaki lenye urefu wa kama sentimita mbili na nusu.

Sasa liweke juu ya msumari, na zungusha uzi mara mbili katikati ya fungu bila kuvuta. Mizunguko ilegee, ikigusa tu. Anza kuvuta polepole, mvuto sawasawa, mkono wa kushoto ukiwa bado umeshika fungu. Utahisi nywele zinataka kukutoroka. Hapo ndipo penye kazi. Ukiachia mapema, fungu litateleza likae upande mmoja. Ukichelewa, litasimama juu tu na chini pabaki wazi. Liachie pale unapohisi limekaza na linaanza kugeuka, huku ukiendelea kuvuta na kuzungusha uzi mara ya tatu na ya nne katikati ya nywele. Fungu lote litakizunguka chuma na kusimama pande zote, kama ua la alizeti.

Hakuna maandishi yatakayokufundisha sekunde ile. Rudia mara thelathini, arobaini, kwenye msumari uleule. Wasusi hujifunza upesi kuliko wengine, na nadhani najua sababu: vidole vyao vimezoea kuhisi nywele zikikaza kabla jicho halijaona.

Kushindilia

Ukishaweza msumari, chukua ndoano. Kumbuka namba zake huenda kinyume: kadiri namba inavyoongezeka, ndoano inapungua. Anza na namba 8. Mafundi hufunga namba 12 na 14, nawe utafika huko.

Igawe ndoano kwa macho yako mafungu matatu. Theluthi ya mbele, kwenye jicho, iache wazi kabisa; ni ya mabawa na kola. Theluthi mbili za nyuma ni za mwili. Pale nyuma kabisa, kabla ndoano haijaanza kupinda, zungusha uzi kidogo na ufunge mkia: nywele chache zilizosawazishwa ncha, urefu wake sawa na urefu wa mwili. Chukua kipande cha mrija wa soda, kivishe mkia huo. Kitaukinga na wembe baadaye. Nimekata mikia mingi kabla sijajifunza hila hii.

Mbele ya mkia, chuma kibaki kitupu. Usikizungushie uzi wa msingi kama unavyofanya kwa nzi wengine. Nywele huzunguka vizuri juu ya chuma kilicho laini, uzi huzikwamisha.

Simamisha fungu la kwanza kama ulivyozoea. Kisha pitisha uzi mbele yake, zirudishe nywele nyuma kwa vidole vya kushoto, zungusha uzi mara mbili au tatu mbele ya mizizi yake, na piga fundo moja. Sasa fanya jambo ambalo wengi huliruka. Weka kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kushoto nyuma ya fungu, vikibana chuma. Visha ganda la kalamu kwenye ndoano kutokea mbele. Sukuma. Vidole vya nyuma vinazuia, ganda la mbele linasukuma, nywele zinabanana katikati. Ukisukuma bila kuzuia, fungu lote litateleza likapande juu ya mkia, na mara nyingine ndoano yenyewe itapinda.

Weka tone dogo sana la rangi ya kucha kwenye uzi ulioko mbele ya fungu, kwa ncha ya sindano. Kisha funga fungu la pili likigusa la kwanza. Shindilia. La tatu. Shindilia. Mara nyingi matatu au manne hutosha kwa namba 8. Kila unaposhindilia, utadhani umefika mwisho, sukuma tena. Mwili unaoonekana umejaa kabla ya kushindiliwa unaweza kupungua theluthi nzima, na nafasi hiyo ndiyo fungu jingine linapoingia.

Ukimaliza, piga fundo la kumalizia, kata uzi, na fanya ule mtihani wa yule mama: shika ndoano, kamata nywele, zungusha. Mwili ukigeuka, fumua. Najua inauma. Nimefumua nzi baada ya saa nzima ya kazi. Lakini nzi anayegeuka mkononi atageuka mdomoni mwa samaki, na ndoano itaelekea pasipofaa.

Kuchonga

Toa ndoano kwenye jiliwa. Weka birika motoni, na maji yakichemka mpitishe nzi juu ya mvuke kwa sekunde chache, ukimshika kwa plaizi. Nywele zilizolala wakati wa kushindilia zitanyanyuka, nawe utaona kila unywele ulipo.

Wembe uvunje nusu kwa urefu ukiwa bado ndani ya karatasi yake. Mchonga mwiko hukimbiza mkonowe: daima kata ukienda mbali na vidole. Anza na tumbo. Laza wembe sambamba na chuma, kata mara moja au mbili ili chini pawe tambarare na karibu na ndoano. Hili ndilo pigo la muhimu kuliko yote ya uchongaji. Nafasi kati ya tumbo na ncha ya ndoano ndiyo inayomnasa samaki. Ukiiacha imejaa nywele, utakuwa na nzi mzuri wa kutazama ambaye kila samaki atamgusa na kumtema.

Kisha mbavu, kushoto na kulia, ukipunguza kwa zamu ili zilingane. Mwisho mgongo: shika nusu ya wembe kwa ncha zake mbili, ikunje kidogo iwe kama upinde, na upitishe kutoka mkiani kuelekea mbele. Umbo unalolitafuta ni kama bibo dogo, upande mwembamba ukiwa mkiani na mnene ukiwa karibu na kola. Usitafute umbo hilo kwa pigo moja. Punguza, geuza, tazama kwa mbali, punguza tena. Mkasi utumie mwishoni kabisa, kwa vinywele vilivyochomoza.

Kama ulishindilia vizuri, uso wa mwili utakuwa laini kama velveti, na ukiubonyeza kwa ukucha utarudi. Hapo ndipo utakapouelewa uchongaji wa nywele: wembe unakuonyesha tu ulichokwisha kukifanya.

Mabawa na kola

Rudisha ndoano kwenye jiliwa na anzisha uzi mwembamba zaidi kwenye theluthi ya mbele. Safari hii zungusha msingi wa uzi, maana mabawa hayatakiwi kuzunguka. Chukua fungu dogo la nywele, toa malaika, litie kwenye ganda la rangi ya midomo ncha zikitangulia, ligongegonge mezani ncha zilingane. Lifunge ncha zikielekea mbele, lisimamishe kwa mizunguko michache mbele yake, kisha ligawe mara mbili kwa kupitisha uzi katikati kwa umbo la nane.

Kola hutokana na manyoya mawili ya shingo ya jogoo. Jogoo wa kienyeji aliyekomaa anatosha kwa kujifunzia, mradi uchague manyoya yanayong'aa, membamba, yenye nyuzi ngumu zinazosimama ukiyapinda. Manyoya ya kuku jike ni laini na hunywa maji. Yale ya jogoo yaoshe kwa sabuni, yakaushe, yahifadhi kwenye kopo pamoja na dawa ya nondo. Zungusha manyoya hayo mara tano hivi nyuma ya mabawa na mara nne mbele yake, funga, piga fundo la kumalizia, tia tone la rangi ya kucha, na kabla haijakauka pitisha sindano kwenye jicho la ndoano lisizibe. Fundi aliyesahau jicho amemwachia mvuvi kazi ya kuzibua kwa meno mtoni.

Ukiona hatua hizi zimekuzidi, kuna ngazi ya chini yake. Waingereza John Goddard na Cliff Henry walibuni nzi wa nywele asiye na mkia wala mabawa. Mwili wake huchongwa kama paa la nyumba, kwa mfano wa mdudu wa mtoni anayekunja mabawa yake namna hiyo. Kushindilia ni kulekule, kuchonga ni kwepesi zaidi. Wanafunzi wangu huwaanzisha na huyo kwa mwezi mmoja.

Kabla hujafikiria soko

Sitakuahidi utajiri. Wanunuzi wa nzi wako mbali, wana madai makali, na karakana za Kenya zimewatangulia wengine kwa miongo. Yeyote anayekuuzia mafunzo kwa ahadi ya fedha za haraka, mwepuke. Ninachoweza kukuambia ni jinsi mnunuzi anavyotazama. Nzi huuzwa kwa dazeni. Atawapanga wote kumi na wawili kwa mstari, na jicho lake litaenda kwa yule aliye tofauti. Mkia mrefu kwa milimita mbili utamkera. Kwa hiyo jizoeze kufunga kwa mafungu ya kazi: mikia kumi na miwili, kisha miili kumi na miwili, kisha kuchonga wote siku moja. Mkono hukumbuka kipimo ukiwa umerudia kitu kimoja, husahau ukirukaruka.

Fungia kazi hii kwenye ratiba ya shamba. Msimu wa korosho una haki yake. Hakuna atakayeshinda kwenye jiliwa wakati korosho zinaanguka. Miezi ya kupumua baada ya mauzo ndiyo ya kujifunza. Saa moja kila asubuhi, mikono ikiwa bado safi na macho hayajachoka, itakufikisha mbali kuliko siku nzima mara moja kwa wiki. Na ukitaka kumjaribu nzi wako mtoni mwenyewe, ulizia kwanza leseni kwa ofisi ya uvuvi ya mahali hapo, maana uvuvi nchini unaongozwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003.

Kuna mitihani miwili ya kufanya nyumbani. Wa kwanza ni beseni. Mloweshe nzi, mkamue kwa vidole, mweke juu ya maji jioni, kalale. Asubuhi mtazame. Aliyeshindiliwa vyema atakuwa bado juu, kola imemnyanyua na tumbo likigusa maji.

Wa pili ni mgumu kwa moyo. Nzi wako wa kwanza aliyekamilika, yule utakayetaka kumwonyesha kila mtu, usimtunze. Mlaze kwenye ubao, chukua nusu ya wembe, na umpasue mgongo kwa urefu mpaka kwenye chuma. Mfungue utazame ndani. Utaona mistari ya uzi, na kati ya mstari na mstari utaona nywele, au utaona chuma kinang'aa. Pima kwa macho kila mahali panapong'aa: hapo ndipo uliposukuma ukadhani umefika mwisho. Mimi nilimpasua wangu usiku ule ule mkaguzi aliponirudishia, nikahesabu mianya mitatu.

Kisha bana ndoano nyingine.